Saa Nane Kando ya Mlangobahari: Uchambuzi wa Kisa cha Basi la Río Gallegos hadi Ushuaia

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha siku moja ya mwezi wa Januari, katika ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini. Mimi na dada yangu mkubwa tulipanda basi asubuhi katika mji wa Río Gallegos tukitarajia kulala Ushuaia, tukafika Ushuaia alfajiri ya siku ya pili, dakika kumi na tano kabla ya kuondoka kwa ndege tuliyokwisha kuilipia. Abiria wa tatu, mume wa dada, hakupanda basi hilo kabisa. Alizuiwa kwenye dirisha la tiketi siku moja kabla, na kwa kuzuiwa huko akafika Ushuaia mapema kuliko sisi.

Kila tuliyemsimulia habari hii alijibu kwamba upepo wa huko ni mbaya, na hapo mazungumzo yakaishia. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Upepo ulituchelewesha kwa saa nane. Haukutunyima chakula, haukutukatia mawasiliano, haukumzuia shemeji, wala haukutuwekea ndege ya saa kumi na mbili asubuhi. Mambo hayo yote yalitokana na kosa moja lililotangulia safari yenyewe, nalo ni kwamba tulivuka mpaka wa nchi mara mbili kwa siku moja huku tumejiandaa kama watu wanaokwenda kutoka mkoa mmoja hadi mwingine.

Kosa hilo lina udhuru wake, na udhuru upo kwenye ramani. Río Gallegos ni makao makuu ya jimbo la Santa Cruz, nchini Argentina. Ushuaia ni makao makuu ya jimbo la Tierra del Fuego, nchini Argentina vilevile. Barabara inayotajwa kuunganisha majimbo hayo ni moja, Barabara ya Taifa namba 3, ambayo huanzia Buenos Aires na kuishia kwenye ghuba ya Lapataia, pembeni mwa Ushuaia, penye kibao kinachomwambia msafiri kwamba ametembea kilomita 3,079. Mwenye kusoma majina ya miji, jina la nchi na namba ya barabara bila kufuata mstari wa mpaka kwa kidole ataona safari ya ndani ya nchi yenye urefu wa takriban kilomita 580. Akiufuata mstari huo, ataona kwamba barabara hiyo inakatika mpakani, kusini mwa Río Gallegos, na haionekani tena mpaka ng'ambo, kwenye kisiwa. Katikati ya vipande hivyo viwili kuna Chile, na katikati ya kipande hicho cha Chile kuna bahari.

Basi, kwa hiyo, hufanya kazi ifuatayo. Huondoka Río Gallegos na kufika mpakani baada ya kilomita zisizozidi 70. Hapo abiria hugongewa muhuri wa kutoka Argentina na wa kuingia Chile. Kisha basi hukimbia kwenye uwanda wa nyasi hadi Punta Delgada, kwenye ukingo wa kaskazini wa Mlangobahari wa Magellan, mahali palipobana panapoitwa Primera Angostura, yaani Wembamba wa Kwanza, ambapo upana wa maji ni zaidi kidogo ya kilomita nne. Kivuko hulibeba kwa muda wa dakika ishirini au thelathini hadi Bahía Azul, kwenye kisiwa kikubwa cha Tierra del Fuego, upande wa Chile. Huendelea hadi San Sebastián, ambako abiria hutoka Chile, na baada ya kilomita kadhaa huingia tena Argentina kwenye kituo chenye jina hilohilo la San Sebastián. Kutoka hapo hufuata pwani ya Atlantiki hadi Río Grande, kisha Tolhuin, kisha hupanda mlima kwa njia ya Garibaldi na kuteremkia Ushuaia. Mambo yakienda sawa, ni saa kumi na mbili hivi, na ndani yake mna mihuri minne ya uhamiaji.

Shemeji aliangukia kwenye muhuri wa pili na wa nne. Pasipoti yake ni ya kwetu Afrika Mashariki, hivyo alihitaji viza, na ubalozi wa Argentina ulikuwa umempa viza ya kuingia mara moja. Viza ya Chile hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwa na nia ya kutembelea Chile. Mimi na dada tulikuwa na viza za Chile na viza za Argentina za kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu tulikuwa tumetokea Punta Arenas wiki iliyotangulia. Yeye alitukuta Río Gallegos akitokea Buenos Aires kwa ndege. Mhudumu wa dirisha la tiketi, ambaye kazi yake ni kuandika orodha ya abiria itakayokabidhiwa mpakani, aliipekua pasipoti ya shemeji mara mbili, kisha akachukua kipande cha karatasi, akachora mstari mmoja mrefu na kuutia mikato minne. Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwa sheria ya viza, shemeji angekuwa mtu aliyeondoka Argentina akiwa amekwisha kuitumia nafasi yake ya pekee ya kuingia, akajaribu kuingia Chile bila idhini, na kama kwa muujiza angepita, asingekuwa na haki ya kurudi Argentina upande wa pili. Kwamba muda wote huo alikuwa akienda kutoka Argentina hadi Argentina lilikuwa jambo lisilomhusu ofisa yeyote.

Alikata tiketi ya ndege ya ndani kwa mchana wa siku ileile tutakayosafiri sisi. Ndege huruka juu ya mlangobahari na juu ya mpaka bila kutua Chile, kwa hiyo viza yake ya mara moja ilibaki salama. Tuliagana kwa mzaha, dada akimwambia kwamba atakosa kuona bahari ya Magellan kwa karibu. Hapo nilipaswa kushtuka, nami sikushtuka. Kama mtu mmoja kati ya watatu ameambiwa kwamba safari hii ni ya kimataifa, wawili waliobaki wanafaa kuipanga upya kuanzia mwanzo: fedha za nchi ya kati, chakula, laini za simu, muda. Sisi tuliliona tatizo la shemeji kuwa la shemeji.

Kabla ya kufika kwenye upepo, inafaa kueleza kwa nini mpaka ule umekaa kama ulivyokaa, maana bila hilo msomaji anaweza kudhani ni uzembe wa watu fulani wa barabara. Mpaka huo ni zao la mkataba uliotiwa saini tarehe 23 Julai 1881. Wakati huo Chile ilikuwa katikati ya vita vyake na Peru na Bolivia kaskazini, na Argentina ilikuwa ikijipanua kwa haraka kusini. Makubaliano yalikuwa kwamba Argentina ichukue sehemu kubwa ya Patagonia iliyo mashariki mwa milima ya Andes, na Chile ibaki na mlangobahari wote pamoja na kingo zake mbili. Kisiwa kikuu cha Tierra del Fuego kiligawanywa kwa mstari ulionyooka, kutoka Rasi ya Espíritu Santo kuelekea kusini hadi Mfereji wa Beagle. Chile ilipata sehemu kubwa zaidi, upande wa magharibi. Argentina ikapata upande wa mashariki, ukiwa umetenganishwa na bara lake kwa maji ya mwenzake.

Chile iliung'ang'ania mlangobahari kwa sababu inayoeleweka. Tangu Magellan aupite kati ya Oktoba na Novemba 1520, na hasa baada ya meli za mvuke kuenea, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya meli kati ya Atlantiki na Pasifiki kwa nahodha asiyependa kuzunguka Rasi ya Horn. Chile ilikuwa imeweka ngome huko mwaka 1843 na kuanzisha Punta Arenas mwaka 1848, mji ulioneemeka kwa makaa ya mawe, kondoo na meli zinazopita. Mkataba ulitamka kwamba mlangobahari usiwe na kambi za vita na uwe wazi kwa meli za bendera zote milele. Walioandika walifikiria meli. Abiria wa basi hawakuwamo akilini mwao, kwa kuwa hakukuwa na basi. Miaka thelathini na mitatu baadaye, mwaka 1914, Mfereji wa Panama ulifunguliwa na meli nyingi zikahama. Mpaka haukuhama nazo.

Wala haukupoa mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1978 nchi hizo mbili zilikaribia kupigana kwa ajili ya visiwa vitatu vya mdomo wa Mfereji wa Beagle, yaani Picton, Lennox na Nueva, na Papa Yohane Paulo wa Pili ndiye aliyesuluhisha hadi ukapatikana mkataba wa amani wa mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya uhasama Chile ilitega mabomu ya ardhini kwenye maeneo ya mpaka, na vibao vya hatari vilibaki kando ya barabara kwa miongo kadhaa. Kazi ya kuyaondoa ilitangazwa kukamilika mwaka 2020. Nalitaja hili kwa sababu lilinibadilishia mtazamo wa foleni. Afisa wa Chile na afisa wa Argentina ambao leo hukaguliana orodha ya abiria wa basi kwa utulivu, wamerithi vituo ambavyo katika kizazi cha wazazi wao vilitazamana kwa bunduki.

Turudi kwenye basi. Tuliondoka saa mbili na nusu asubuhi. Mpakani tulimaliza saa tano, bila tatizo isipokuwa moja tulilolichukulia kuwa dogo. Chile hulinda mashamba yake ya matunda kwa ukali mkubwa, na kila anayeingia hujaza tamko la kiapo kuhusu vitu vya wanyama na mimea alivyobeba. Dada alikuwa amefungasha chakula cha siku nzima: matufaha sita, jibini, vipande vya nyama iliyokaushwa na asali kwenye kichupa. Alitamka kila kitu, kwa hiyo hakutozwa faini, lakini kila kitu kiliishia ndani ya pipa la karantini. Tulibaki na mkate na chupa moja ya maji. Tukajifariji kwamba mchana tutakula Río Grande.

Tulifika ukingoni saa sita kasoro dakika ishirini. Malori yalikuwa yamepangana kwenye barabara kwa urefu ambao sikuweza kuona mwanzo wake, na basi lilisimama nyuma ya lori la mwisho. Utingo alishuka, akaenda mbele kwa miguu akiwa ameinama kama mtu anayepanda mlima, akarudi na kutangaza kwamba bandari imefungwa. Amri ya kufunga hutolewa na mamlaka ya bandari iliyo chini ya jeshi la majini la Chile, na nahodha wa kivuko hana ruhusa ya kuibishia hata kama yeye mwenyewe anajiona anaweza kuvuka.

Hapa ndipo penye sayansi, nami nitakaa kidogo, kwa kuwa mtu wa pwani yetu ana msamiati wa kutosha wa kulielewa jambo hili kuliko msafiri wa bara. Kwanza upepo. Kati ya nyuzi 50 na 60 za latitudo ya kusini, dunia imezungukwa na bahari karibu yote. Nchi kavu pekee ya maana inayojitokeza kwenye njia hiyo ni ncha ya Amerika ya Kusini. Upepo wa magharibi huizunguka dunia bila kizuizi, hukutana na Andes, humwaga mvua yake upande wa Chile wa magharibi, kisha huteremka ukiwa mkavu na wenye kasi kwenye uwanda wa mashariki usio na mti. Tofauti na kusi yetu, ambayo huja kwa msimu na baharia akaijua tarehe zake, upepo huu hauna likizo, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huvuma kwa nguvu zaidi katika majira ya kuchipua na ya kiangazi, yaani Oktoba hadi Machi, kuliko katika baridi kali ya Juni na Julai. Sisi tulichagua Januari kwa sababu ya hali nzuri ya hewa. Jua lilikuwepo, na mbingu ilikuwa ya buluu safi. Ni hewa tu iliyokuwa ikikimbia.

Pili maji. Pwani ya Afrika Mashariki huona tofauti ya takriban mita nne kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, nasi huiona kuwa kubwa. Upande wa Atlantiki wa Mlangobahari wa Magellan, tofauti hiyo huweza kupita mita saba, ilhali upande wa Pasifiki ni ya mita moja au mbili tu. Bahari mbili zenye vimo tofauti kwa wakati mmoja hutafuta usawa kwa kupita kwenye koo la kilomita nne, na mkondo huweza kufikia noti nane, yaani karibu kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli. Maji yakiwa yanajaa, mkondo huingia kutoka Atlantiki kuelekea magharibi, na upepo unatoka magharibi. Viwili hivyo vikigongana, mawimbi husimama wima, mafupi na ya karibukaribu, mabaya kuliko mawimbi makubwa ya bahari kuu.

Tatu kivuko chenyewe, na nadhani hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Aliyezoea pantoni ya Kigamboni atakitambua mara moja: chombo cha bapa, chenye mlango wa kushushia magari, kinachosogea hadi ukingoni na kulaza mlango wake juu ya sakafu ya zege. Lakini Primera Angostura hakuna ghuba wala ukuta wa kuvunja mawimbi. Chombo hujibana kwenye zege kwa nguvu ya injini zake huku mkondo ukikisukuma ubavuni na upepo ukishika kila lori kama tanga. Kuvuka huenda kungewezekana katika saa ambazo bandari ilifungwa. Kusimama sawasawa ukingoni huku lori la tani nyingi likiteremka ndiko kusikowezekana. Kwa sababu hiyo mtu aliyekaa ndani ya basi, akiyatazama maji na kuona kwamba si mapana na ng'ambo inaonekana wazi, hukasirika bila haki. Nami nilikasirika.

Tulikaa hapo, bandari ikiwa imefungwa, kuanzia saa sita kasoro dakika ishirini mchana hadi saa moja na nusu jioni. Saa nane hizo ndizo zilizofichua kila pengo la maandalizi yetu. Mkate uliisha saa nane mchana. Palikuwa na mgahawa mdogo ukingoni, lakini hatukuwa na hata peso moja ya Chile. Zetu tulikuwa tumezitumia zote Punta Arenas, tukaona ni busara kutobakiza. Dereva mmoja wa lori, mtu wa makamo, alitubadilishia peso kidogo za Argentina kwa kima alichokitaja yeye, nasi tukashukuru kwa kila supu tuliyokunywa. Alikuwa akirudi kisiwani baada ya kushusha televisheni bara. Tangu sheria ya mwaka 1972 ya kukuza viwanda vya Tierra del Fuego, vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa Argentina huunganishwa Río Grande, na televisheni inayokwenda kwenye sebule ya Buenos Aires huweza kupita kwenye kivuko hikihiki, ikiwa mzigo wa kupita tu nchini Chile. Lori lake lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, birika la chai ya majani ya huko iitwayo mate, na chakula cha siku tatu. Aliponiuliza tunatarajiwa wapi na lini, nikamwambia habari ya ndege ya alfajiri, hakucheka. Aliutazama mlangobahari, akaniongezea maji ya moto.

Pengo la simu lilikuwa baya zaidi kuliko la chakula. Kifurushi cha intaneti tulichonunua kilikuwa cha Argentina peke yake. Kufikia saa kumi jioni mimi na dada tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu kwamba bandari ikichelewa kufunguliwa kupita saa kumi na mbili, hatutaiwahi ndege kwa salama. Kwa kanuni za tiketi zetu, mabadiliko yaliruhusiwa kwa ada ndogo hadi saa kadhaa kabla ya safari. Tulikuwa na habari muhimu na muda wa kutosha wa kuitumia, lakini hatukuwa na njia ya kuituma. Shemeji naye, aliyekwisha kutua Ushuaia alasiri hiyo, alikuwa na intaneti, alikuwa na namba ya tiketi zote tatu, alikuwa na uwezo wa kuzibadilisha kwa dakika tano. Alichokosa ni habari. Alikwenda stendi mara mbili jioni, akaambiwa basi halijafika na kwamba labda ni upepo, akakadiria kwamba tutaingia saa sita usiku. Makadirio yake hayakuwa ya kijinga. Mtu asiyejua kama bandari imefungwa kwa saa mbili au nane atachagua namba ya katikati.

Upepo ulipungua jioni na vivuko vikaanza kazi. Basi letu lilipanda safari ya tatu, saa tatu kasoro robo, kukiwa bado na mwanga, kwa kuwa Januari jua la huko huchelewa sana kuzama. Abiria waliruhusiwa kushuka na kupanda kwenye sitaha. Pomboo wadogo wenye rangi nyeusi na nyeupe, ambao wenyeji huwaita tonina, walitusindikiza ubavuni karibu hadi ng'ambo, na kwa robo saa hakuna aliyezungumzia ucheleweshaji.

Kwenye kisiwa lilijitokeza jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Nilidhani kwamba saa nane zilizopotea zitabaki nane. Hazikubaki. Magari yaliyokuwa yamezuiwa kutwa nzima yaliachiwa kwa mafungu, yakapita Cerro Sombrero, mji mdogo uliojengwa na shirika la mafuta la taifa la Chile, na kuendelea yakifuatana hadi San Sebastián, ambako yote yalitua kwenye madirisha machache ya uhamiaji na forodha ndani ya muda mfupi. Vituo viwili ambavyo kwa kawaida vingechukua saa moja kwa jumla vilichukua mbili. Río Grande tuliingia saa nane na robo usiku. Simu zikapata uhai, ujumbe kumi na nne wa shemeji ukaingia kwa pamoja, na muda wa kubadilisha tiketi ulikuwa umekwisha kupita. Dereva alibadilishana na mwenzake, na nyingi kati ya kilomita mia mbili na zaidi zilizobaki zikapita gizani. Ziwa Fagnano, ambalo dada alikuwa amelisoma na kulitamani, tulilipita tukiwa tumelala. Ushuaia ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Shemeji alikuwa uwanja wa ndege tangu saa kumi alfajiri, na mlango ulipofungwa alikataa kupanda bila mke wake. Zikapotea tiketi tatu badala ya mbili.

Je, palikuwa na njia nyingine? Tulizichunguza baadaye, na nyingi hazisaidii. Kivuko kingine hutoka Punta Arenas kwenda Porvenir, lakini huchukua zaidi ya saa mbili majini, safari zake ni chache, nacho huzuiwa na upepo uleule. Tena kutoka Río Gallegos mtu angelazimika kwanza kwenda kilomita zipatazo 260 hadi Punta Arenas. Wanasiasa wa Argentina wamependekeza mara kadhaa kivuko cha maji ya Argentina pekee, nje ya mdomo wa mashariki wa mlangobahari, nami nilipokuwa na njaa nililiona wazo hilo kuwa la haki. Nikiwa nimeshiba naona ugumu wake: huko nje ni bahari kuu, safari ni ndefu zaidi, pwani haina ghuba, na tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa. Haja yenyewe si ya kubeza, hata hivyo. Machi 2020, Chile ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya korona, wakazi wa kawaida wa Tierra del Fuego waligundua kwamba njia yao ya barabara ya kwenda katika nchi yao wenyewe ina ufunguo ulio mfukoni mwa jirani.

Njia iliyobaki ni kuipanga safari ileile kwa kuanzia mahali pake dhaifu. Mwakani binamu yetu atapita huko, na mpango niliomwandikia ni huu: viza ya Chile na viza ya Argentina ya kuingia zaidi ya mara moja, ziwe mkononi kabla ya kukata tiketi ya basi, kifurushi cha simu kinachofanya kazi nchi zote mbili, peso za Chile za kutosha milo miwili, biskuti na chakula cha makopo chenye lebo kisicho na nyama, maziwa wala asali, na usiku mbili kamili Ushuaia kabla ya ndege yoyote. Namba za tiketi za wote ziwe kwa mtu mmoja aliyeko mjini, naye apewe ruhusa mapema ya kubadilisha bila kuuliza ikiwa saa tatu usiku imefika na basi halijaonekana. Sharti hili la mwisho peke yake lingeziokoa tiketi zetu tatu, upepo ukiwa uleule.

Kampuni ya basi haikuturudishia kitu, na sikuona kwamba ilipaswa. Tiketi ilisema wazi kwamba ucheleweshaji wa hali ya hewa si juu yao, na walitufikisha. Dada amesoma uchambuzi huu na anakubaliana nao isipokuwa sehemu moja. Anasema nimeandika kana kwamba sote tulichagua ndege ya alfajiri, ilhali palikuwa na nyingine ya saa tisa mchana ambayo yeye aliitaka, na mimi ndiye niliyekataa kwa kuwa ilikuwa ghali kidogo. Ni kweli.